Jina Lako Mnadani

Shoga yangu Riziki,

Nilitaka nikuombee dua tu, kama wafanyavyo watu wenye adabu, kisha nikuache upumzike. Nimeshindwa. Nina hasira, na wewe ndiye niliyezoea kummwagia hasira zangu, kwa hiyo utanivumilia huko uliko, Mola akurehemu.

Wamekuuza, shoga. Hata Sikukuu Kubwa ilikuwa haijakukuta kaburini, wamekupeleka mnadani pamoja na mbuzi.

Ngoja nianze mwanzo. Ulipotutoka Mfungo Mosi, Ramadhani imeisha tu, kikundi chetu cha vijana wafugaji kilimchagua Makame kuwa mwenyekiti. Makame unamjua, yule uliyekuwa ukimtania kwamba akikosa mbuzi atauza kivuli chake. Mama yako hakuwa na nguvu za kukata majani kila siku, akakikabidhi kikundi mbuzi wako wamuuzie. Na Kijicho alikuwemo. Ndiyo, Kijicho wako, yule beberu uliyemlea kwa chupa mama yake alipokufa, aliyechomwa na mwiba kule maweni jicho la kushoto likafa, ukalia wewe kuliko yeye.

Mnada ulifanyika uwanja wa mpira kama kila mwaka. Watu wa mjini walikuja wengi, na walikuja kwa ajili yako, tusidanganyane. Wewe hukuwahi kumtajia mtu bei kabla ya kumwuliza, "Wa nini?" Wa hitima, wa akika, wa harusi, wa udhiya? Makame alikuwa akicheka, anasema unawahoji watu kama kadhi. Lakini ulijua kwamba mbuzi mwenye chongo ni mzuri sana kwenye biriani, na kwenye udhiya, kuchinja kwa ibada ya Sikukuu Kubwa kunakotaka mnyama mzima, hafai hata kidogo. Ukishajibiwa, unamtembeza mnyama mbele ya mnunuzi, unamfunua meno, na unaanza na ila, kasoro yake. "Ila yake hii hapa. Sasa nkwambie uzuri wake." Siku ya pili ya sikukuu unanivuta mkono twende mjini tukawape wale wanunuzi mkono wa Idi, tuwaulize nyama ilikuwaje. Mimi nalalamikia jua, nalalamikia viatu. Wewe unasema, "Mbuzi keshaliwa, sasa ndo tujuane." Na tulijuana nao kweli. Tulikuwa tukirudi na mafungu ya nyama na visahani vya watu ambavyo tulisahau kuvirudisha mpaka mwaka unaofuata.

Bi Zuhura wa Ng'ambo ndiye aliyekupenda kuliko wote. Tangu alipokuzoea, hakuwahi kumfunua mbuzi wako mdomo. Anakuuliza, unamwambia, anachukua.

Sasa sikiliza. Makame alimfunga Kijicho ubavuni mwa ukuta wa skuli, upande wake wa kushoto umeegemea ukuta. Nilidhani anamkinga na jua, mjinga mimi. Nilikuwa upande wa pili wa uwanja na majike, nikamsikia dalali anapaza sauti: "Huyu wa marehemu Riziki! Mkono wa Riziki mnaujua! Nani hamjui Riziki?"

Riziki, shoga yangu! Jina lako, ambalo mama yako hajaweza bado kulitamka bila kulia, linapigiwa kelele uwanjani kama la samaki wa jana! Watu wakaitikia "Allah amrehemu," na bei wakaipandisha hapo hapo. Bi Zuhura akanyoosha mkono, akapewa kamba. Hakumkagua. Angemkaguaje? Kashaambiwa ni wa Riziki.

Nilikimbia mbele ya wanaume wote wale, khanga imenivuka kichwani.

"Shikamoo Bi Zuhura. Wa nini huyo?"

"Marahaba, mwanangu. Wa udhiya. Nlinuia safari hii nchukue wa Riziki."

Nikamgeuza Kijicho kichwa.

Yule bibi hakupiga kelele. Aliinama, akalitazama lile jicho jeupe, kisha akamtazama Makame. "Ningeshamchinja, ibada yangu ingekwenda wapi?" Na unajua Makame alimjibu nini? "Bibi, mnunuzi ana macho yake." Mbele za watu! Mwanamke anayemzidi mama yake umri!

Bi Zuhura akasema, "Mie nlinunua kwa macho ya Riziki."

Baada ya hapo kila aliyenunua alimgeuza mbuzi wake, akamfunua mdomo, akambonyeza tumbo, akamtia walakini. Mnada ulivunjika kabla ya adhuhuri. Hata wenzetu waliokuwa na mbuzi wazima, wasiokuwa na kosa, walirudi nao nyumbani. Na unadhani wamemkasirikia nani? Mimi! Kikao kimenitoa kikundini. Nikipita njiani wananyamaza. Makame anatangaza eti nimemdhulumu mama yako. Yeye aliyelificha jicho ni mfanyabiashara, mimi niliyelionyesha ni mharibifu. Hebu niambie, ingekuwa wewe usingemtia makofi?

Nilikwenda kwa mama yako mwenyewe nimweleze kabla hajaelezwa. Alikuwa akichagua mchele. Alinisikiliza mpaka mwisho, mkono wake haukusimama. Kisha akasema, "Mwanangu hakuficha ila, na mie simfichii." Basi tulikubaliana nimchukue Kijicho mimi, na badala yake Bi Zuhura akampata yule jike wangu mwekundu kwa bei ile ile, mama yako asipungukiwe kitu.

Nilimpelekea mwenyewe. Bi Zuhura alinikaribisha, akanipa maji, akamfunua jike meno. Akamwangalia macho, masikio, miguu. Akaniambia nimtembeze uani, nikamtembeza. Alikuwa na haki yote. Lakini nililia njia nzima kurudi, kwa sababu miaka yote ile uliyokwenda na kurudi juani, Makame ameimaliza asubuhi moja, na kwa jina lako.

Siku ya pili ya sikukuu nilikwenda peke yangu kutoa mkono wa Idi. Nilisimama mlangoni kwa Bi Zuhura nikitaka kurudi. Hodi yangu ilikuwa ndogo mno, lakini aliisikia. Amempelekea mama yako fungu la nyama, limefika. Na aliponisindikiza aliniambia, "Mwakani nkija, uniulize."

Nitamwuliza. Mwakani nitasimama uwanjani na mbuzi wangu wawili watatu, wapende wasipende, na kila atakayeshika kamba nitamwuliza wa nini. Ila kwanza, uzuri baadaye. Atakayetaka kukagua nitamshikia mbuzi mdomo mwenyewe. Jina lako sitalitaja hata mara moja, hata mbuzi wakinidodea. Watu watanizoea kwa jina langu au wataniacha.

Kijicho yuko hapa anatafuna pindo la khanga yangu. Mama yako anakuja kumwangalia jioni, anamkuna shingo, anajifanya kapita tu.

Lala, shoga yangu. Mola akupe kauli thabiti, akunawirishie kaburi lako. Mimi niko hai, na maadamu niko hai, hakuna atakayekuuza tena.

Wako,
Mwanaidi