Maji Yaliyokataa Kushuka Ziwani

Alhamisi, jioni. Mvula imechoka sasa hivi. Mabati bado yanadondosha, ukungu umefunika volkano mpaka shingoni, na mimi nimekaa na miguu ndani ya beseni ya maji ya moto kama bibi arusi. Nimelowa mpaka mahali ambapo sitapataja, maana kuna watu wa kanisa wanaosoma shajara hii kwenye simu zao.

Nina furaha. Naandika haraka kabla haijanitoka.

Wengine munajua kwamba niko katika mafunzo. Kwa yule asiyejua: ni mafunzo ya kazi za muji. Tunafundishwa kuchora barabara ndogo na kanivo, ile mifereji ya mawe inayopitisha maji ya mvula, kisha kuijenga, kisha kuikagua ili kujua kama fundi alijenga kweli ao alidanganya. Mimi ni fundi wa mawe tangu ujana. Shule niliiacha mapema, na mwalimu wangu alishukuru.

Nilijiandikisha kwa sababu ya buti.

Ndiyo, buti. Nilisikia kanisani, matangazo yakisomwa, kwamba kila mwanafunzi atapewa buti za mpira na kofia ngumu. Nikafikiri ni mafunzo kama yale mengine yanayopitaka hapa Goma: unakaa kwenye kiti cha plastiki, unapiga makofi, unakula wali na nyama, munapigwa picha, unarudi nyumbani mujinga vilevile lakini umeshiba. Nikasema, wacha niende, miguu yangu ni ya zamani, inastahili viatu vipya.

Kumbe kuna mutu aliyekuja kufundisha kweli.

Anaitwa Injenieri Furaha. Ni binti wa umri wa kitindamimba wangu. Siku ya kwanza nilimwita "mutoto yangu" mbele ya watu wote, nione atafanya nini. Akanijibu kwa upole, "Ndiyo, Papa. Vaa kofia." Nikavaa. Tangu siku ile sijamushinda hata mara moja, na si kwamba sijaribu.

Kazi yetu ya mikono tulipewa huku mutaa wa Katoyi, kwenye kipande cha barabara kinachopita mbele ya nyumba ya Mama Kavira. Huyu Mama Kavira anapikaka maharagi na bugali, anauzia mbele ya mulango wake. Ni mujane. Mimi pia nilifiwa na mke wangu. Ninakula kwake kila siku, na watu wanaosema kwamba sifuati maharagi peke yake, wana macho mazuri.

Nyumba yake inaingiaka maji. Kila mvula kubwa, maji yanatoka barabarani, yanapita mulangoni bila kubisha hodi, yanaharibu unga, yanazima moto. Mwanzoni mwa mafunzo alituambia wazi, huku akitupakulia: "Mimi nimechoka. Mvula kubwa moja tena ikiingia humu, nafunga mizigo, narudi kwetu kule Kiwanja, kwa kaka yangu. Goma nitawaachia ninyi."

Wenzangu walicheka. Mimi nilirudisha tonge la bugali kwenye sahani.

Basi nikajenga kile kipande cha kanivo kama mutu anayejenga nyumba ya bwana arusi. Mawe ya volkano niliyachagua moja moja. Viungo vilinyooka. Nilikisugua kwa brashi. Kilikuwa kizuri, Mungu wangu, watu walisimama kukitazama.

Chini yake, lakini, sikupima.

Injenieri alikuwa ametupatia tuyo, mupira murefu wa plastiki unaoonekana ndani. Unaijaza maji, mutu mumoja anashika huku, mwingine anashika kule, mahali maji yanaposimama pande zote mbili ndipo pako sawa. Kitu rahisi. Nilikikataa. Nilimwambia kwamba mimi sipimi kwa matumbo ya mbuzi, nina macho.

Na unajua jicho la mutu wa Goma. Kwetu mutu haulizi maji yanaenda wapi. Pande za dunia ni mbili tu: juu ni volkano, chini ni ziwa. Mugeni akiuliza njia unamwambia panda, ao shuka, basi. Mutoto anajua hilo kabla ya kumujua baba yake. Kwa hiyo niliinamisha sakafu ya kanivo kidogo kuelekea ziwani, kwa jicho, kwa raha zangu, nikipiga muluzi.

Wiki iliyopita ikafika siku ya ukaguzi. Injenieri ana sheria yake: aliyejenga ndiye anayemwaga maji. Haruhusu mutu mwingine amwage. Akanikabidhi bidon, dumu lililojaa maji.

"Mwaga polepole, Muzee."

Nikamwaga. Maji yakaenda vizuri, yakameremeta. Yakafika katikati, mbele kidogo ya mulango wa Mama Kavira. Yakasimama, kama mutu aliyesahau kitu nyumbani.

Yakarudi.

Yalirudi, yakajaa, yakapanda ukingo, yakaingia kwa Mama Kavira bila mvula, jua likiwaka.

Papa Bahati, rafiki yangu wa Masisi, aliyekuwa muchungaji wa ng'ombe kabla ya kukamata nyundo, alishika tumbo kwa kucheka. "Papa! Mayi yako inapanda mulima! Hata ng'ombe za kwetu zinajuaka njia ya kushuka!"

Mama Kavira alitokea na mwiko mukononi. "Papa fundi, mvula haijakuya, weye uko unaniletea mayi?"

Injenieri hakucheka. Hiyo ndiyo iliniuma. Angecheka ningemuchukia, mambo yangekwisha. Aliweka ile tuyo yake, Bahati upande mumoja, mimi upande mwingine, akasema, "Tazama mwenyewe." Nikatazama. Pale katikati, jiwe la volkano limevimba chini ya barabara kama mugongo wa ng'ombe aliyelala. Volkano iliposhuka zamani haikushuka kama maji, ilishuka kama uji muzito, ikaacha nundu na mabonde inavyotaka. Barabara ikawekewa changarawe juu yake, na jicho likaona muteremko. Ziwa liko kule chini, kweli. Lakini pale kwa Mama Kavira, kuelekea ziwani ni kupanda.

Muji wote umelala juu ya jiwe lenye nundu, na sisi tunapima kwa kutazama ziwa.

Halafu akafungua rangi nyekundu. Hapa kwetu kila mutu anajua maana ya musalaba mwekundu kwenye ukuta: hiyo nyumba itavunjwa. Alichora moja kubwa juu ya kanivo yangu nzuri. Nikamuuliza, "Injenieri, huwezi kuchora kadogo?"

"Muzee, maji haiogopake kadogo."

Nilirudi nyumbani nimenuna. Nakiri: nilifikiri kuacha mafunzo. Buti nilikuwa nimeshapata! Nililala kitandani nikijiambia kwamba mutoto wa juzi hawezi kunifundisha mawe. Lakini kila nilipofumba macho nilimuona Mama Kavira anapanda lori la kwenda Kiwanja, sufuria zake zimefungwa juu, na hageuki nyuma.

Asubuhi nilikuwa wa kwanza pale, na nyundo kubwa.

Kuvunja kazi yako mwenyewe ni kama kumuchapa mutoto muzuri. Unapiga huku unamuonea huruma. Bahati alikuja kunisaidia, na siku ile hakunichokoza, jambo lililonitisha zaidi. Tulivunja sakafu, kisha tukaanza kuchimba ile nundu. Jiwe la volkano juu ni jepesi kama mukate, lakini ndani ni chuma. Mikono yangu imeota malengelenge kama ya mutu anayeanza kazi leo.

Na nilishika tuyo. Kila baada ya mawe machache: jaza, shika, tazama, chimba tena. Injenieri alikaa karibu nami kwenye jiwe, akanionyesha namna ya kutoa pumzi iliyobaki ndani ya maji, maana kapovu kadogo tu kanatosha kukudanganya. Alirudia mara ngapi, sijui. Hakuchoka. Sijawahi kuwa na mwalimu aliyenirudilia jambo bila kunivuta sikio.

Tulimaliza kuweka sakafu jana. Ukaguzi ulipangwa kesho, Ijumaa, kwa bidon na utaratibu wake.

Mvula haikuambiwa.

Leo, baada ya chakula cha mchana, mbingu ilikuwa nyeusi kutoka kwenye volkano mpaka Gisenyi, kule Rwanda. Nilikuwa kwa Mama Kavira, nimesimama mulangoni. Yeye alisimama nyuma yangu. Tayari alikuwa amefunga unga kwenye mufuko na kuuning'iniza juu. Alitazama barabara juu ya bega langu. Bora angenitukana.

Maji yalikuja kahawia, yamebeba machupa, maganda ya ndizi, kandambili ya mutu. Yaliingia kanivo. Yakafika pale kwenye nundu, kandambili ikagonga ukingo, ikazunguka. Nilishika mwimo wa mulango. Niliomba, mimi ambaye kanisani ninasinziaka.

Kandambili ikanyooka, ikaenda zake.

Na maji yote nyuma yake. Yalipita mbele ya mulango yakikimbia, yakaingia kwenye kanivo kubwa ya chini, mvula ikazidi, na yakaendelea kupita. Kizingiti cha Mama Kavira kilibaki kikavu. Nilikigusa kwa mukono. Nilikigusa tena.

Injenieri Furaha alifika juu ya pikipiki, amelowa kama kuku. Alikuwa ametoka kwake kwa hofu ileile yangu. Alitazama maji, akatabasamu kidogo sana. Kisha mvula ilipopungua, akapiga magoti, akapitisha kidole kwenye viungo vyote.

"Hapa, Muzee. Jiwe hili hukulilowesha kabla ya kuliweka. Limekunywa maji ya simenti. Litatoka."

Nilikuwa karibu kucheza rumba, na yeye ananionyesha ufa! Lakini nakwambia, shajara, nilimupenda pale pale kama mutoto wangu wa damu. Wangapi wamenipigia makofi maishani kwa kazi mbovu? Huyu ananiheshimu mpaka ananikatalia.

Nilimwambia, "Asante, Injenieri." Bila utani. Alishangaa sana, akauliza kama ninaumwa.

Kisha Mama Kavira akatuita ndani, mimi na Bahati. Sijawahi kuingia chumba chake, na ninyi muache mawazo yenu. Kitanda chake kilikuwa kimepandishwa juu ya mawe, mawili kila muguu. Kabati pia. Sanduku la nguo pia. Nyumba nzima ilikuwa inasimama kwa ncha za vidole, inangojea maji.

"Mushushe," alisema.

Tukainua, tukatoa mawe, tukashusha kitanda polepole mpaka miguu yake ikagusa sakafu. Akaketi juu yake. Akatikisika kidogo, akijaribu.

"Kimekuwa kifupi," akanung'unika. "Nitazoea."

Bahati alibeba mawe nje. Mimi nilibaki nafuta macho na kusingizia moshi, na jiko lilikuwa halijawashwa.

Kesho nitaenda na nyundo ndogo kutoa lile jiwe moja, nililoweshe vizuri, nilirudishe. Mungu, asante kwa mvula ya leo, asante kwa yule binti na ukali wake. Lakini ile simenti ya kesho itahitaji siku mbili tatu za jua kali. Unaweza kunisaidia hapo, ao nimeomba mengi?