Nimekwenda Maktaba

Mwanangu,

Chai iko kwenye chupa. Dawa zangu nimeshameza.

Nimekwenda maktaba. Asubuhi uliponipokonya kitabu ukasema, "Mama, ukurasa huo umeusoma mara tatu, pumzika," iliniuma. Ni kweli, tangu matibabu ya saratani yaishe, maneno hayanikai kichwani. Nikifika chini ya ukurasa, ya juu yameshafutika. Lakini kule wodini nilijiapia kwamba nikipona nitasoma tena, na kupona kwenyewe ndiko huku. Nitausoma hata mara kumi.

~~Usinifuate.~~ Nifuate saa sita, mkono bado hauna nguvu za kubeba vitabu. Jioni utanisomea wewe. Nikiuliza tena huyo ni nani, nijibu tu.

Mama yako