Alfajiri Upande Huu

Dada yangu wa pekee,

Barua hii ikukute mzima, na baridi ya huko iwe imekuhurumia. Huku tunaendelea vizuri, ingawa wiki iliyopita mafua yaliniangusha, pua ikawa bomba lililopasuka. Usishtuke, nimepona, na karakanani nimerudi kuchomelea mageti kama kawaida.

Unaikumbuka ahadi yetu: kila alfajiri wewe utandike mkeka wako huko, nami wangu hapa sebuleni, tufanye yoga kwa wakati mmoja. Wenzangu kazini wananicheka, eti fundi anajikunja kama waya. Waache wacheke. Ndiyo saa pekee ninayokuwa nawe. Simu hukatika, picha haipumui, lakini nikivuta pumzi najua nawe unavuta.

Ndiyo maana sikukubali kuacha. Mwalimu wetu wa yoga alinionya kwamba kama ni pua tu, nijinyooshe taratibu, nipumue polepole, kichwa nisikishushe chini ya kifua. Lakini nikipata homa, au kifua kikibana, niuache mkeka kabisa, nilale, ninywe maji, wala nisiende darasani kuwagawia wenzangu ugonjwa. Sikio la kufa halisikii dawa. Mwili ulikuwa unachemka kama birika, na bado niliinama, kiuno juu, kichwa chini. Sebule ikazunguka. Nikaanguka pamoja na meza ya redio.

Mama alikuja mbio kutoka jikoni. Alinigusa paji la uso, akanifokea kwamba mgonjwa hashindani na mwili wake. Akanilaza kwenye kochi, akanifunika, akauliza ni yoga gani hiyo ya kufia. Sikuwa na nguvu ya kudanganya. Nikamwambia kwamba dada yuko upande wa pili, ananisubiri.

Unajua tangu uondoke bila ridhaa yake hataki hata kukutaja; simu yako ikiita ananisukumia mimi, kisha anakwenda kuosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Sasa nikuambie jambo aliloniapisha nisikuambie. Kesho yake alfajiri nilifumbua macho nikamwona Mama amesimama juu ya mkeka wangu, kitambaa kichwani, soksi miguuni, mikono ameinua juu, anatetemeka. Nikamuuliza anafanya nini.

"Lala wewe," akasema. "Mwanangu hawezi kumsubiri mtu asiyekuja."

Siku zote nilizougua, dada, aliyekuwa nawe upande huu si mimi. Ni Mama. Magoti yake yanalia kama bawaba kavu, na akiinama anakuita kwa jina lako la utotoni, akidhani nimelala. Mimi nalala hivyo hivyo, nimefumba macho.

Nimepona, lakini mkeka amekataa kunirudishia. Najinyoosha kwenye sakafu tupu nyuma yake.

Nisalimie wauguzi wenzako wa wodini, na ule vizuri. Mama hakutuma salamu. Anasema bado ana hasira. Ila jana, huku amegeuzia uso ukutani, kiapo changu akakifungua mwenyewe: ameniagiza nikuulize, ukisimama asubuhi juu ya mkeka wako unaelekea wapi, ili naye akuelekee.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Chuma