Aliyeumia kwenye Mashine ya Nne

Jumatatu, 9 Februari 1987

Nimeshinda nikinakili fomu za Januari kwa mkono. Utepe wa taipu umekauka, mwingine haupatikani Tanga nzima. Saa nne simu kutoka kiwanda cha kamba. Mfanyakazi wa kike kaumia mkono. Lini? Jumamosi. Leo Jumatatu ndiyo wanatoa taarifa. Nikauliza mbona kimya siku mbili. Karani wao akasema simu ilikuwa mbovu.

Huenda. Ila kutoka getini kwao hadi ofisi yetu ya ukaguzi wa viwanda ni mwendo wa robo saa.

Nimekwenda kwa miguu. Gari la ofisi liko juu ya mawe, halina matairi. Nimeonyeshwa mashine ya nne, ya kuchana singa, nyuzi za mkonge. Magurudumu mawili ya meno ya chuma, yanazunguka yakikabiliana. Mashine safi. Safi mno. Sakafu imepigwa deki. Kifuniko cha kukinga mikono kipo, kimefungwa kwa nati mpya zinazong'aa. Mashine nyingine tano hazina vifuniko. Zina matundu tu ya nati, yenye kutu.

Nimeandika "nati mpya" na kuzipigia mstari.

Jumanne, 10 Februari

Mashahidi watatu, wanawake wote. Nimewahoji mmoja mmoja, mlango umefungwa.

Wa kwanza: "Aliingiza mkono mwenyewe mashine ikiwa inakwenda, hakuna aliyemtuma."

Wa pili: maneno hayohayo.

Wa tatu, Bi Mwanakombo, mtu mzima, mkongwe kuliko wote pale. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kuinua uso. Naye maneno hayohayo, neno kwa neno, kama mtoto anayesoma ubao.

Miaka kumi na miwili nahoji watu walioona damu. Hawakubaliani hata siku moja. Mmoja atasema mkono wa kulia, mwenzake wa kushoto. Mmoja alisikia ukelele, mwingine hakusikia. Watatu wakisema sentensi moja, basi kuna aliyewafundisha.

Meneja mpole sana. Aliyeumia anaitwa Zaituni, kaniambia, yumo daftarini mwaka wa kumi sasa, mchapakazi, bahati mbaya tu. Halafu akaniambia mwisho wa mwezi kuna wageni wanakuja kukitazama kiwanda, pengine wakaingia ubia. "Tusiwatishe wageni, Bi Rehema." Wakati naondoka, kwenye kiti changu palikuwa na mfuko wa sukari, kilo mbili. Nimeuacha palepale. Mama nyumbani hajanywa chai ya sukari wiki ya tatu hii. Nimeuacha lakini niliutazama.

Alhamisi, 12 Februari

Hospitali. Wodi ya wanawake, kitanda cha dirishani.

Mkono wa kulia umekatwa juu ya kifundo.

Binti mdogo, hata ishirini na tano hajafika, na daftarini ana miaka kumi ya kazi. Aliajiriwa akiwa mtoto?

Muuguzi alikuja na vidonge, akaita, "Zaituni." Kimya. Akaita tena. Binti anatazama dirishani. Mgonjwa wa jirani akamgusa bega, ndipo akageuka na kuitika haraka haraka.

Nimeona mkono wake wa kushoto. Wanawake wa pale kiwandani ncha za vidole zimechanika, singa zinawakata mwaka hadi mwaka. Mkono huu vidole vyake vizima. Sugu ziko kiganjani, sugu za jembe.

Nilimuuliza ilikuwaje. "Niliingiza mkono mwenyewe mashine ikiwa inakwenda, hakuna aliyenituma." Akafumba macho. Machozi yalipita pembeni akashindwa kuyafuta, mkono wa kushoto una sindano ya maji. Nilimfutia kwa ncha ya ushungi wangu. Hakunitazama.

Huyu si Zaituni. Naapa.

Ijumaa, 13 Februari

Mkuu wangu kaniita. Anataka ripoti kabla wiki ijayo haijaisha. "Ajali ni ajali, Rehema. Andika uzembe wa mfanyakazi, tufunge jalada." Jalada lenyewe nililiacha kushoto kwa meza yangu jana. Leo nimelikuta kulia.

Chai yake leo ina sukari. Nilimsikia akikoroga. Yangu haina. Nimekaa nikisikiliza kijiko cha mtu mwingine kama mpelelezi. Nimejiona mbaya. Lakini nilisikiliza hadi mwisho.

Jumamosi, 14 Februari

Nimechukua anwani ya Zaituni kwenye nakala yangu ya daftari la wafanyakazi. Makorora, nyumba ya udongo, mlango wa kijani. Nikapiga hodi. Akatoka mwanamke wa miaka thelathini na ushei, kajifunga kanga kifuani, mtoto mchanga begani. Arobaini haijatimia, nililijua hilo kwa tumbo lake la uzazi.

Nikasema namtafuta ndugu yake Zaituni. Akasema Zaituni yuko hospitali, kaumia. Hapohapo jirani akapaza sauti toka uani: "Zaituni we! Uji unafurika!"

Tukatazamana. Vidole vyake vilivyomshika mtoto vimechanika ncha zote.

"Dada," nikamwambia, "aliyeko hospitali ni nani?"

"Nenda zako."

"Nakuuliza kwa wema."

"Wema wenu naujua. Wema wenu ndio unaotupunguza kazini. Nenda zako, mwanangu kalala."

Akafunga mlango. Mtoto alikuwa macho, ananitazama juu ya bega lake.

Nimerudi na hasira. Nimedanganywa na kiwanda kizima, kuanzia meneja hadi mfagizi. Hasira nyingine, ya chini, ni kwamba nimemtisha mzazi.

Jumatatu, 16 Februari

Bi Mwanakombo kaja ofisini saa ya chakula. Kakaa ukingoni mwa kiti, mkoba mapajani. Alitaka mlango ufungwe. Nikaufunga. Nilidhani katumwa na meneja kunipima. Nilimwacha aseme kwanza.

Kasema hivi. Tangu Novemba kuna orodha. Kiwanda kitapunguza watu kabla wageni hawajaja, na wanaoanza kupunguzwa ni wenye likizo ya uzazi. Wawili wameshaondoka hivyo. Zaituni alipojifungua, mdogo wake Tatu akaja toka Tongoni kumsaidia. Siku ya sita Tatu akavaa ovaroli la dada yake, akachukua kadi yake, akaingia kazini. Wanawake wote wa kitengo walijua. Walimficha, wakamfundisha.

"Tulimfundisha kuchana, mwanangu. Hatukumfundisha kuogopa. Mtu hujifunza kuogopa mwaka wa pili."

Vifuniko vilitolewa mwaka jana. Singa zinazokuja siku hizi ni mbovu, zinaziba meno, na mashine ikizimwa kuwaka tena ni kazi kubwa, kiwashio kibovu na kipuri hakuna. Msimamizi wao, Kijazi, akasema zichomolewe kwa mkono mashine ikienda. Akasema mara nyingi, mbele ya watu. Kifuniko cha mashine ya nne kilirudishwa Jumapili, siku moja baada ya ajali.

Na ile sentensi? Meneja aliwakusanya Jumapili hiyohiyo kwenye banda la chakula. Akawaambia anajua aliyeumia si Zaituni. "Semeni aliingiza mkono mwenyewe, nami sitauliza ni nani."

Nilidhani wamenunuliwa. Kumbe walikuwa wanamficha mtu, na meneja akaukuta uficho wao na kujifichia humo.

Jumanne, 17 Februari

Sikufanya kazi ya maana leo.

Nikiandika Zaituni, ni uongo, na lawama ni ya binti aliyelala pale. Nikiandika Tatu, watasema si mfanyakazi wetu, kaingia kwa kadi ya mtu, mvamizi. Hatapata fidia wala dawa. Na Zaituni atafukuzwa kabla mtoto hajatolewa nje. Meneja analijua hili. Ndiyo maana ni mpole.

Nimewahi kufunga majalada mangapi yenye "uzembe wa mfanyakazi"? Sitaki kuyahesabu.

Jumatano, 18 Februari

Nimekwenda kiwandani bila kuwaarifu. Nimeomba karatasi za mahudhurio za kila siku, zile msimamizi anazojaza kwa mkono wake. Kijazi akasema ziko stoo. Stoo wakasema ziko kwa Kijazi. Nikakaa kwenye benchi mlangoni kwake. Nikasema nitakaa mpaka kengele ya kutoka. Saa saba akazileta, jasho linamtoka.

Nimezisoma moja moja. Kila siku jina la Zaituni lina alama ya kuhudhuria. Tangu Januari katikati, pembeni ya jina, kwa penseli, neno moja: mdogo. Kila siku. Mdogo, mdogo, mdogo. Hadi siku ya ajali.

"Hii nini, Bwana Kijazi?"

Akaitazama kama hajapata kuiona. Akasema wako Zaituni wawili, mkubwa na mdogo. Nikafungua daftari. Zaituni ni mmoja. Akasema basi labda ni mdogo wa umbo. Halafu akasema kwa sauti nyingine kabisa, "Nilimwandika ili nisisahau kumpa kazi nyepesi. Nami nina binti."

"Na siku ile ulimpa kazi nyepesi?"

Akaanza kuzipanga karatasi upya.

Basi walijua. Msimamizi alijua kila asubuhi, akampokea, akamweka kwenye mashine, akampa kazi. Mwajiri ni yule anayekupa kazi, siyo kadi. Nimezichukua karatasi zote, nikamwachia hati niliyotia sahihi. Njiani nilitazama nyuma mara tatu. Hakuna aliyenifuata. Nilizishika kifuani hata hivyo.

Ijumaa, 20 Februari

Nimekwenda hospitali. Zaituni alikuwepo, amekaa kitandani miguuni, ananyonyesha. Aliponiona alitaka kuinuka. Nikamwomba akae.

Nimewaeleza yote, bila kupamba. Nikisema kweli, nina karatasi za kuonyesha kwamba walimjua na kumtumia, na huenda Tatu akapata haki yake. Huenda. Sina dhamana. Na Zaituni kazi itakwenda, hilo sina njia ya kulizuia. Wakitaka niandike ile sentensi, sitaiandika, lakini naweza kuiomba ofisi impe jalada mtu mwingine.

Zaituni akasema, "Miaka kumi. Na huyu anyonye nini?" Hakunipigia kelele. Afadhali angenipigia.

Tatu alimtazama mtoto. Kisha akasema, "Dada, kila wakija wananiita jina lako. Wakinifunga bandeji, jina lako. Hata cheti cha kukatwa mkono kimeandikwa jina lako." Akanigeukia. "Andika Tatu. Jina ni lake, lakini mkono ni wangu."

Zaituni akalia. Mtoto akaachia ziwa naye akalia. Tatu akanyoosha mkono wa kushoto akamshika mguu mpaka akanyamaza.

Niliondoka bila kuaga vizuri.

Jumatatu, 23 Februari

Nimewasilisha. Kurasa saba kwa mkono, nakala mbili kwa karatasi ya kaboni. Jina la aliyeumia: Tatu binti Hamisi. Sababu: kifuniko kilitolewa, amri ya kuchomoa singa mashine ikienda, mashine haizimwi. Taarifa ilicheleweshwa, kifuniko kilirudishwa baada ya ajali, mashahidi walifundishwa.

Mkuu wangu alisoma yote mbele yangu. Alichukua muda. Mwisho akasema hatatia sahihi. Nilikuwa na maneno yangu tayari, makali, ya sukari na ya jalada kuhama upande wa meza. Kabla sijayasema, akausukuma muhuri wa ofisi hadi upande wangu wa meza. "Mimi natoka kununua sigara," akasema.

Havuti sigara.

Nimegonga muhuri, nimetia sahihi yangu. Nakala moja imekwenda Dar kwa rejista. Nimekaa na risiti ya posta mkononi. Naogopa. Pia naona aibu kidogo juu ya kile kijiko.

Alhamisi, 12 Machi

Wageni walikuja na kuondoka. Kabla hawajafika, mashine zote sita zilikuwa na vifuniko, na kiwashio kipya kililetwa toka Mombasa. Kumbe kipuri kilikuwa kinapatikana. Kijazi kaondolewa usimamizi. Meneja yupo. Kanisalimia kwa heshima zote.

Zaituni kafukuzwa. Barua ya mistari mitatu.

Nimekutana naye Ngamiani, anauza mihogo ya kukaanga, mtoto mgongoni. Nilimsalimia. Akahudumia wateja waliokuwa nyuma yangu. Nikasubiri. Akaniuliza nataka ya ngapi. Sikuwa nimejitayarisha kununua kitu. Nilinunua. Sikuila, nilimpelekea Mama.

Sijui kama nilitenda haki. Najua niliandika kweli. Nilikuwa nadhani ni kitu kimoja.

Jumanne, 7 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Barua toka Dar imefika. Tatu ametambuliwa kuwa mfanyakazi aliyeumia kazini. Fidia itafuata taratibu zake. Zimebaki hati za yeye kutia sahihi.

Alikuja saa tano, amelowa, kigutu cha mkono kakizungushia kanga. Yuko na dada yake. Zaituni hakuingia, alisimama barazani na mtoto, anatazama mvua. Nilimtolea kiti. Alikaa.

Karani alileta kidau cha wino ili Tatu aweke dole gumba. Tatu akasema hapana, kalamu. Alisoma mpaka darasa la saba, akasema, anajua kuandika, ni mkono tu ndio mgeni.

Nikamshikia karatasi isiteleze. Alianza T, ikalala chini. Akasimama, akapumua, akaanza upya. Karani aliacha kupanga majalada. Mkuu wangu alitoka ofisini kwake na bahasha, akaona, akasimama mlangoni. Herufi ziliinama, nyingine kubwa nyingine ndogo, zikapita mstari.

Alipomaliza aliitazama karatasi, kisha akamwita dada yake aje aone.