Udongo Uliozidi Nyuma ya Kiwanda cha Matofali

KITUO CHA POLISI, GORNI BROD
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Zapryan Mandrov
Umri: miaka 52
Kazi: fundi wa kuunda mifano midogo ya magari na mitambo, katika karakana yangu mwenyewe tangu 1997
Makazi: Mtaa wa Lipa, nyumba namba 14, Gorni Brod
Tarehe na saa: Alhamisi, 14 Machi 2019, saa 4:05 asubuhi
Mbele ya: Inspekta Milena Gyurova

Mimi niliyetajwa hapo juu natoa maelezo haya kwa hiari yangu. Naomba yaandikwe kama ninavyosema, kwa sababu familia yetu imeshawahi kuandikiwa maelezo na watu wengine.

Kaka yangu Vlaycho, dereva wa lori katika kikosi cha wahandisi wa jeshi, alitoweka tarehe 9 Oktoba 1979 akiwa na miaka ishirini. Jeshi lilimwandikia mama kwamba ametoroka na lori na kuvuka mpaka. Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili. Kwa sababu ya barua hiyo nilinyimwa nafasi katika chuo cha ufundi, na yote ninayoyajua nimejifundisha mwenyewe. Mama alifariki mwaka 2004. Mpaka mwaka huo walikuwepo majirani waliomwita mama wa msaliti.

Mnamo tarehe 4 Februari mwaka huu, saa 3:20 asubuhi, alifika karakanani mzee mmoja wa miaka sabini na minne. Alijitambulisha kuwa Nayden Kutsarov, sajini mstaafu. Sikuwa namfahamu.

"Nimeambiwa unatengeneza vitu vya kuchezea," alisema.

"Vitu vya kuchezea viko dukani, mzee. Hapa tunapima."

Alicheka kidogo. "Basi ni wewe ninayekutafuta."

Alitaka mfano wa tingatinga la kijeshi, la minyororo, lenye bamba kubwa la kusukumia udongo mbele. Aliliendesha miaka kumi na moja. Alitaka kipimo cha moja kwa thelathini na tano, likiwa juu ya kipande cha ardhi chenye shimo, na udongo utoke palepale lilipopigwa picha. Aliniachia picha mbili. Nyuma ya kila moja paliandikwa: "Dolna Kriva, nyuma ya kiwanda cha matofali, Oktoba 1979." Tarehe niliiona. Lakini Oktoba 1979 ilikuwa ya nchi nzima, si ya nyumba yetu tu, nikaendelea na kazi.

Picha ya kwanza inaonyesha shimo likiwa wazi. Wanajeshi saba wanatazama kamera, wawili wanacheka. Picha ya pili inaonyesha shimo limefukiwa na kusawazishwa, na pembeni kuna lundo la udongo uliobaki. Wanajeshi ni walewale saba, lakini wote wameligeuzia shimo mgongo. Ilibidi niwachonge hivyo, migongo saba, na nilipomaliza sikupenda kukaa nao chumba kimoja. Nikawafunika kwa kitambaa.

Tingatinga lilinichukua wiki nne. Mnyororo peke yake una vipande 186, na kila kimoja nilikipiga tupa kwa mkono.

Tarehe 8 Machi nilikwenda Dolna Kriva kuchukua udongo, ndoo mbili. Eneo hilo sasa limezungushiwa uzio, panajengwa ghala, lakini mashine bado hazijaingia. Msimamizi aliniambia nifanye haraka, maana Jumatatu tarehe 18 wanamwaga zege.

Udongo wa mfano lazima uokwe kwanza ili kuua mizizi na wadudu. Tarehe 9 Machi, saa 5 asubuhi, niliuweka kwenye oveni ya nyumbani. Baada ya dakika kumi mke wangu Stoyna alifungua madirisha yote.

"Zapryan wee, umeoka nini humu? Nyumba inanuka kama gereji! Banitsa yangu ya jibini nitaipika wapi leo?"

Ilikuwa harufu ya dizeli. Udongo wa juu, uliokaa bila mashine miaka arobaini, unanuka dizeli.

Tarehe 11 Machi, kuanzia saa 2 asubuhi, nilifanya hesabu ya shimo. Kwa kutumia urefu wa tingatinga kama rula, shimo halisi lilikuwa mita tisa kwa nne, kina mita nne. Nililichimba katika mfano, kisha nikalifukia kwa udongo uleule na kuushindilia. Udongo uliochimbwa huvimba, kwa hiyo lazima ubaki kiasi. Nililifukia mara tatu. Zilibaki mililita 430, 425, 432. Lundo la kwenye picha ya pili, kwa kipimo hicho, ni mililita 910.

Mtu akichimba shimo na kulifukia, udongo hauzaliwi. Kitu kiliingia humo kati ya picha ya kwanza na ya pili. Kwa ukubwa wa kweli ni mita za ujazo ishirini na nusu.

Kwenye rafu nilikuwa na lori dogo la aina aliyoendesha kaka yangu, la kipimo hichohicho. Nililiunda mwaka 2001 na sikuwahi kuliuza. Nililiweka shimoni, nikafukia. Zilibaki mililita 905. Nikakaa chini. Ilikuwa saa sita unusu mchana, jua limejaa mezani, na shimo lilikuwa limesawazika vizuri kabisa.

Jana, tarehe 13 Machi, saa 4 asubuhi, Mzee Nayden alikuja kuuchukua mfano. Alitazama lundo, akavua kofia.

"Umelipata," alisema.

"Mjini tuko mafundi wanne. Kwa nini mimi?"

"Jina lako liko mlangoni."

Alieleza kwamba lori liliteleza kwenye utelezi likaangukia shimoni, na Vlaycho alikuwa ndani. Wakaguzi kutoka makao makuu walikuwa wanafika kesho yake. Kamanda, ambaye sasa ni marehemu, aliamuru lifukiwe.

Nilimuuliza, "Alikuwa amekufa?"

"Niliambiwa amekufa."

"Ulishuka ukamwangalia?"

"Kijana wangu, nilikuwa juu ya injini. Inaunguruma vile, husikii hata mtu aliye pembeni yako."

"Sikukuuliza ulichosikia."

Alivaa kofia yake. Akaondoka bila mfano.

Ninaomba zege la Jumatatu lizuiwe na mahali hapo pachimbwe. Ninaomba pia pachimbwe kwa koleo, kwa mikono ya watu. Tingatinga lisipelekwe pale tena.

Nimesema niliyoyaona, niliyoyapima na niliyoyasikia, na sina la kupunguza.

(Saini) Z. Mandrov

Maelezo ya ofisa: Nimemsomea shahidi maelezo haya naye amekubali kuwa ni sahihi. Vielelezo vilivyopokelewa: mfano mmoja, picha mbili, udongo ndoo moja. Nimetoa amri ya kusimamisha ujenzi Dolna Kriva. Uchimbaji kwa koleo utaanza kesho saa 1 asubuhi. Saa 5:40 leo Nayden Kutsarov alifika kituoni mwenyewe, bila kuitwa. Kabla sijaanza kuandika maelezo yake aliniuliza kama, lori likishafunuliwa, itawezekana kujua iwapo mlango ulijaribiwa kufunguliwa kwa ndani. Nilimjibu kwamba itawezekana. Akaomba kiti.

(Saini) Insp. M. Gyurova