Nibaki kwa Wasanii au Nihamie Nyuma ya Gereji?

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla sijalipia nyumba, maana nimechanganyikiwa kabisa. Mimi ni dada ninayefanya kazi kwa mtandao, nawajibu wateja wanaolalamikia magodoro, na kazi hiyo naweza kuifanya popote penye intaneti, kwa hiyo nimehama mtaa hadi mtaa, mji hadi mji, mpaka nikafika huku kwa wasanii ambako kuta zote zimechorwa, mkahawani kila mtu ana laptopu yake na hakuna anayekuuliza kwenu wapi, na mimi nikawaambia sina kwetu, dunia nzima ndiyo kwetu, wakanipenda sana.

Tatizo ni mama. Mama anaishi kwa kaka, analala kwenye kochi sebuleni, hawezi hata kujinyoosha mpaka watoto wa kaka wamalize kutazama mpira, na mimi ndiye niliyemwahidi chumba, basi nikamleta wiki moja kwenye chumba changu ajaribu maisha ya huku. Siku ya pili akaamka akafagia ua wote, akakuta rundo la vyuma karibu na geti, akampa mnunuzi wa vyuma chakavu, kumbe ni sanamu ya jirani yangu mchongaji, kazi ya mwaka mzima. Mchongaji alilia, kisha akauliza kama yule mnunuzi angependa na nyingine. Wenzangu wakatoka mkahawani kutazama, wakaniuliza huyu mama ni nani, nikasikia mdomo wangu unasema ni mama anayenisaidia usafi. Mama alikuwa hapo hapo na ufagio wake. Akaniangalia, akasema, "Na huku nyuma nifagie, bosi?"

Kesho yake akarudi kwa kaka. Nikimpigia anasema hana shida, nitafute nyumba polepole. Sasa nimepata mbili. Moja iko hapa hapa kwa wasanii, ghorofani, ngazi zake ni za chuma za kuzunguka, lakini ina mwanga mzuri mno. Nyingine iko nyuma ya gereji, haina ngazi, vyumba viwili, bafu ndani, jirani ni fundi cherehani, ila kule hakuna hata mtu mmoja anayepiga gitaa. Nichague ipi?

Mhamaji

Mhamaji,

Pole kwa kuchanganyikiwa. Chukua ya nyuma ya gereji. Swali lako limekwisha, sasa tuzungumze ulichoniandikia.

Mwanangu, mteja akilalamika godoro linabonyea unamjibu papo hapo, tena kwa "samahani sana". Mama yako anakunja miguu kwenye kochi, wewe unapima mwanga! Halafu eti mdomo wako "ulisema", kana kwamba uliuazima kwa jirani. Maneno hayo uliyasema wewe. Ulimwonea haya mama yako mbele ya mtu ambaye kazi yake ya mwaka mzima ilipanda mizani ya vyuma chakavu, naye akataka kupandisha na nyingine. Nimekasirika, sikufichi. Lakini nakuonea huruma pia, kwa sababu ungekuwa huumii, ungeniandikia habari za intaneti peke yake na ufagio usingeutaja.

Na hilo neno "polepole" lisikudanganye. Mama yako anakupa njia ya kutomchukua, na anakupa kwa upole ili usione vibaya.

Fanya hivi. Nenda kwa kaka yako kwa miguu yako, achana na simu. Mwombe mama radhi ukilitaja kosa lenyewe. Ukianza na "kama nilikukosea" nitajua hukusoma jibu hili. Usimpelekee zawadi yoyote siku hiyo, atadhani ni mshahara. Mchongaji naye mkamwombe radhi pamoja, maana kweli alilia.

Mama akikubali kuja, kabla hujamwonyesha chumba, mpitishe pale mkahawani, mshike mkono, useme wote wasikie: "Huyu ni mama yangu." Ukiona maneno hayo hayatoki, mrudishe kwa kaka yako, nawe upange chumba cha mtu mmoja popote upendapo. Intaneti ipo kila mahali.