Mlango wa Mkiani

Hospitali, Lincoln
9 Machi 1944

Dada yangu Edna,

Usishtuke kuona mwandiko mgeni; nesi ndiye anayeniandikia. Soksi zimefika. Mwambie Mama ninakula vizuri, jana nilipata hata yai.

Jumanne tulikuwa tunarudi kutoka Ujerumani, watu saba ndegeni, bawa linawaka moto. Rubani wetu Alwyn akatuamuru turuke. Wanne wakaruka. Percy, mshika bunduki wa mkiani, hakutokea. Kibanda chake kule nyuma ni chembamba mno, hata parachuti huiacha nje, na sasa mlango ulikuwa umekwama. Nikamwendea na shoka.

“Ruka, mpumbavu wewe!” akanifokea.

“Nyamaza, vuta mguu!”

Alwyn alitusikia kwenye simu ya ndege. Aliishikilia ndege ile mpaka tukatua kwa tumbo shambani. Percy nikamtoa mzima. Nilipomrudia Alwyn, moto ulikuwa umeziba njia. Ndipo viganja vyangu vilipoungua.

Leo asubuhi mke wa Alwyn alikuja. Akaniuliza, “Clifford, angeweza kuruka?”

Nikamwambia hakuweza. Edna, angeweza kabisa.

Ndugu yako akupendaye,
Clifford